Saa Sita Mchana, Vayrignac

Vuteni viti kwanza, maana habari ya Josias Mwenze haisimuliki kwa mtu aliyesimama na koti mabegani.

Pale Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika wa Brussels, walimwita Papa Njiwa. Walilitaja jina hilo wakicheka, na yeye alicheka pamoja nao, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kuchekesha kweli kwa watu waliozaliwa Bukavu. Kila wiki ya kiangazi alipakia njiwa elfu nne kwenye lori, akawapeleka kusini kabisa, Ufaransa, akawafungulia, halafu akarudi Brussels na lori tupu. Njiwa walifika nyumbani kabla yake.

"Papa Njiwa, juma hili umewapeleka wapi wakubwa?" angeuliza Claudine, mwenye saluni ya kusuka, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokishika.

"Vayrignac."

"Tena? Njiwa wanaenda vacances kila mwezi, na miye tangu nifike Ulaya sijapita Namur!"

"Ota mabawa, maman, nitakupakia."

"Kwetu njiwa akiingia kikapuni hatafutiwi lori. Anatafutiwa sufuria."

Wanawake wangecheka hadi mashine ya kukausha nywele isisikike, na Josias angekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akipewa chai ambayo hakuiomba. Hakuwa na nywele za kusuka. Alikuja kwa ajili ya Kiswahili.

Sasa niwaeleze hiyo kazi, ili tusiachane njiani. Ubelgiji kuna wazee wengi wanaofuga njiwa darini, chini ya vigae, na njiwa hao hushindanishwa. Hupelekwa mbali, hufunguliwa wote kwa pamoja, na kila mzee hukaa bustanini shingo imepinda, akingoja wake atokee angani. Anayewasindikiza njiwa ndiye anayebeba dhamana yote. Yeye ndiye anawanywesha njiani, yeye ndiye anaangalia mbingu, na yeye ndiye anatia sahihi kwenye karatasi: tumefungua saa fulani, anga ilikuwa hivi, upepo ulikuwa hivi. Akifungua mapema, mvua ya ngurumo inawakuta njiani na wanapotea kwa maelfu. Ustadi wa kazi hiyo hauko kwenye kufungua. Uko kwenye kungoja.

Na kungoja Josias alikujua. Nyumbani alikuwa mpimaji wa hali ya hewa kwenye kiwanja cha ndege, mtu wa kusoma mawingu na kuandika daftarini asubuhi, mchana na jioni. Agosti 1991 alipelekwa Brussels kwa mafunzo ya miezi tisa. Alimwacha mkewe, Mauwa, akiwa na binti yao Michelle wa miaka mitatu, na mimba ya miezi minne. Mwezi uliofuata askari nchini kote wakaanza kupora miji, kituo chake kikabomolewa hadi vipimo vya mvua vikabebwa, na mshahara ukakatika. Mauwa mwenyewe ndiye aliyesema kwa simu, baki huko, utafute njia. Alibaki. Mtoto alizaliwa Januari, mvulana, wakamwita Élisée. Baba yake hakuwahi kumshika. Alimjua kwa picha na kwa sauti.

Miaka ile ya kwanza aliosha vyombo, akabeba masanduku, akaomba hifadhi, akakataliwa, akaomba tena. Alipanga chumba Anderlecht kwa mzee mmoja mfugaji, na siku moja alimwona mzee anataka kuwatoa njiwa wake mazoezini. Akamwambia kwa adabu, ngoja, itanyesha baada ya dakika arobaini. Mzee alitazama jua likiwaka, akamcheka. Baada ya dakika arobaini walikuwa wote wawili chini ya kibaraza, wamelowa. Wiki iliyofuata chama cha wafugaji kilikuwa na msindikizaji mpya.

Mara moja tu alikosea. Ilikuwa 1995, msimu wake wa kwanza. Anga haikumpendeza, lakini simu kutoka Brussels ilimsukuma, wafugaji wamechoka, fungua, fungua. Akafungua. Katika kila njiwa wanne, watatu hawakurudi. Jioni mwenye nyumba wake alikaa bustanini, saa yake ya kurekodia mapajani, hakuna cha kurekodi, na hakumlaumu hata kwa neno moja. Josias alijifungia chumbani akajiapiza: hakuna mtu atakayemharakisha tena. Tangu siku hiyo akawa maarufu kwa subira yake. Wenzake wenye malori mengine walifungua, yeye alingoja. Alilala siku mbili, siku tatu kwenye mji ule mdogo, na njiwa wake wakafika.

Vayrignac ni mji mdogo kiasi kwamba ukiutafuta kwenye ramani, kidole chako kinaufunika. Una uwanja wa mbio za farasi, wale wanaokokota vigari vya magurudumu mawili, na kwenye nyasi za uwanja huo ndipo malori ya njiwa huegeshwa. Kwa hiyo mji mzima unaishi kwa mbio, za ardhini na za angani, na siku isiyo na mbio watu hukaa mkahawani wakibishania mbio zilizopita. Mgeni angesema hakuna la kufanya pale. Josias angemwambia, kaa chini nikuhesabie.

Kuna ngazi mia moja na kumi na mbili za kupanda hadi kanisani, na ndani ya kanisa fundi wa zamani alichonga kwenye nguzo wanyama ambao hakuwahi kuwaona: tembo mwenye masikio ya punda, simba mwenye uso wa ng'ombe aliyeshiba. Kuna kinu cha kukamua mafuta ya karanga za jozi, na mwenye kinu anakuruhusu uchovye mkate. Mto ni wa kina kifupi, unavuka juu ya mawe bila kulowesha magoti, watoto wanakodi vimashua. Jumamosi kuna soko, na bibi mmoja anayeuza plamu kavu hakubali umsalimu kabla hujaonja. Halafu juu ya kanisa kuna kilima ambako unaona mabonde matatu, na mvua inayokuja kesho unaiona leo. Hapo ndipo Josias alipopenda kukaa. Alikijua kila kitu cha mji ule kama mgonjwa anavyoijua wodi aliyolazwa muda mrefu.

Alimwandikia Mauwa yote. Akifika na watoto, alisema, hatawapeleka kwanza Grand-Place, ule uwanja mashuhuri wa Brussels, kama watu wengine. Atawapeleka Vayrignac.

"Papa, ule simba wa kanisa iko na meno?" Michelle aliuliza siku moja kwa simu.

"Iko nayo, lakini iko anacheka."

"Élisée anasema kama iko anacheka, basi ameshakula mutu."

Josias alicheka peke yake kwenye kibanda cha simu, akatoka akiwa bado anacheka, akaenda moja kwa moja saluni kwa Claudine kuwasimulia.

Karatasi zake za ukaazi zilitoka 1997. Juni 1998 ikaja barua aliyoingoja miaka saba: mkewe na watoto wawili wamekubaliwa, wakachukue viza Kigali. Claudine aliisoma barua kwa sauti mbele ya wateja wote, akaipiga busu, rangi ya mdomo ikabaki kwenye karatasi.

Kutoka Bukavu kwenda Kigali si mbali, ni kuvuka daraja na kufuata barabara ya msitu. Lakini mwezi ule wa Julai hewa ya mashariki ilikuwa nzito: askari wa Rwanda waliokuwa nchini walikuwa wameamriwa warudi kwao. Alhamisi tarehe thelathini, kabla ya kupakia njiwa, Josias aliingia kwenye duka la simu pale Chaussée de Wavre akapiga namba ya Iddi. Huyu Iddi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Bukavu, mwenye ile simu kubwa ya antena, na nusu ya mtaa walikuja dukani kwake kuongea na ndugu zao wa Ulaya. Mauwa alikuwa ameshafika, anangoja.

"Papa Michelle," alisema. Alimwita hivyo sikuzote, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama wake wa kwao wanavyofanya. "Gari la masista linaenda Kigali kesho. Soeur anasema nafasi tatu ziko. Tupande?"

"Barabara iko namna gani?"

"Bantu banasema mengi. Eti basoda ba Rwanda barudishwe kwabo. Kuko wasiwasi ku daraja, lakini magari inapita."

"Inapita vizuri ao inapita tu?"

"Papa Michelle, miye niko mu duka ya Iddi, siko ku daraja."

Fikirini na Josias kidogo. Mtu aliyepoteza njiwa elfu tatu kwa kuharakishwa, leo anaulizwa habari za watu wake watatu. Akafanya kile anachokifanya vizuri kuliko wote.

"Alors mungoje," alisema. "Musipande mbele ya miye kujua vile mambo iko."

"Kuko gari ingine dimanche. Saa sita na nusu, bakishatoka misa. Hiyo ni ya mwisho mupaka juma ingine."

"Bon. Dimanche, saa sita kamili, uwe hapo kwa Iddi na batoto na mizigo. Nitasikiliza radio, nitauliza bantu, kisha nitapiga. Nikisema ndiyo, mupande."

"Na kama haukupiga?"

"Nilikosaka siku gani?"

Ni kweli. Kwa miaka saba hakuwahi kukosa.

Dereva wake safari ile alikuwa Otieno, Mkenya wa Kisumu, mume wa Pamela aliyefanya kazi ubalozini. Otieno alikuwa mtu wa maneno, na Kiswahili cha Josias kilimfurahisha kama muziki. Njia nzima alimwigiza. Jumamosi asubuhi njiwa walipaswa kufunguliwa, lakini katikati ya Ufaransa kulikuwa na ukuta wa ngurumo, na Vayrignac yenyewe mvua ilinyesha bila kupumua. Josias alipanda kilimani, akateremka, akasema tunangoja.

"Sasa tufanye nini katika hii metropolis?" Otieno aliuliza.

Josias akamtembeza. Walihesabu ngazi, walichovya mkate kwenye mafuta, walisimama mbele ya wanyama wa mawe. Otieno alisema yule tembo amechongwa na mtu aliyesimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Josias alinunua plamu kavu pakiti tatu, akazipanga kwenye kisanduku cha mbele cha lori, moja ya Mauwa, moja ya Michelle, moja ya Élisée. Kichwani walishapanda ndege.

Jioni redio ya mkahawani haikutaja Bukavu hata mara moja. Alimpigia Claudine, naye akasema hakuna aliyesikia kitu. Josias akaamua. Kesho saa sita atasema ndiyo.

Jumapili mvua ilikata saa tatu, lakini wingu lilibaki limelala juu ya paa za nyumba. Na siku hiyo uwanja ulikuwa na mbio za farasi saa nane. Saa tano msimamizi wa uwanja, mama mmoja wa buti za mpira, alikuja akipiga makofi. Lori litoke kabla ya saa saba, alisema, farasi wakisikia mabawa ya njiwa elfu nne wataparamia jukwaa. Ofisini kwake kulikuwa na simu, lakini ilishikiliwa na chama kule Brussels, wakitoa hali ya hewa ya njia nzima kila dakika chache: ngurumo zimeondoka, kaskazini kweupe, linalobaki ni anga ya hapo kwako.

Saa tano na dakika hamsini wingu lilianza kupasuka. Kibanda cha simu cha kuweza kupiga Afrika kilikuwa kwenye uwanja wa kanisa, mwendo wa dakika kumi.

"Mzee," Otieno alisema, "si una simu ya saa sita?"

"Niko nayo."

"Basi nenda. Mimi nitafungua. Ni kuvuta tu hiki chuma."

"Si kuvuta. Ni kuangalia."

"Kuangalia nini? Wingu linaenda, jua linakuja. Mimi pia nina macho, ama?"

"Karatasi iko na jina langu, Otieno."

"Na mke wako ana jina la nani?"

Josias alikuwa ameinua uso, ameshika kofia, anapima kile kipande cha buluu juu ya kilima. "Dakika kumi," alisema baadaye. "Tunafungua, nakimbia. Mauwa atangoja. Mauwa anajua kungoja."

Saa sita kamili kengele za kanisa ziligonga. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye chuma, na wakati huohuo wingu jipya likaingia kutoka bonde la magharibi, likafunga ile nafasi. Mtu mwingine yeyote angevuta. Njiwa wangepita, Otieno anaapa hadi leo kwamba wangepita. Josias aliondoa mkono.

"Tungoje ipite."

"Mzee, saa!"

"Tungoje."

Ilipita saa sita na dakika ishirini na mbili. Alivuta. Milango yote ikaanguka mara moja, na njiwa elfu nne wakatoka kwa sauti kama ya mabati yanayoezuliwa, wakazunguka mara moja juu ya jukwaa, wakashika kaskazini bila kusita. Mama wa buti alipiga makofi, safari hii kwa furaha. Josias alitia sahihi akiwa amesimama, akampa Otieno kalamu, akakimbia na miaka yake arobaini na minne, mkono umeshika mfuko wenye kadi ya simu.

Kibandani kulikuwa na mtu. Mwendesha farasi mmoja, nguo zake za mbio mwilini, alikuwa anamweleza mtu kwa utulivu namna farasi wake alivyolala. Josias aligonga kioo. Yule mtu akamgeuzia mgongo. Alipotoka ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tano. Namba ya Bukavu haikushika mara ya kwanza, wala ya pili. Saa sita na dakika arobaini na moja Iddi aliitika.

"Josias! We ulikuwa wapi, ndugu yangu?"

"Mauwa iko wapi?"

"Iko hapo inje ku barabara. Gari imeenda sasa hivi, vumbi ingali inaonekana. Soeur alipiga honi sana, alimungojea dakika kumi. Ngoja nimuite."

Josias alisikia jina la mkewe likiitwa mtaani, mbali, kisha hatua, kisha pumzi.

"Papa Michelle. Gari imeenda."

"Kwa nini haukupanda?"

"Ulisema ningoje."

Alikuwa hasemi kwa hasira. Alikuwa anatoa ripoti.

"Mauwa, ningesema ndiyo. Nilikuwa nataka kusema ndiyo."

"Haina neno. Kuko gari mardi, Iddi anasema, ya mutu wa mbao."

"Bon, mardi. Usiningoje tena, mupande."

"Sawa. Élisée anauliza kama—"

Laini ikakatika. Alipiga tena mara sita, hadi kadi ikaisha.

Jumanne hakukuwa na gari. Usiku wa Jumapili hiyohiyo risasi zililia Bukavu, Jumatatu mji ukawa mikononi mwa waasi, na daraja likafungwa. Huko Brussels wafugaji walimpongeza Josias. Walisema hawajawahi kuona njiwa wakirudi wengi namna hiyo. Mwenye nyumba wake alishika nafasi ya tatu, akamletea chupa mlangoni, akamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni, anatazama pakiti tatu za plamu kavu.

Hakurudi tena kwenye lori. Alipata kazi ya kufagia ofisi. Kila Jumapili saa sita alikuwa kwenye duka la simu la Chaussée de Wavre, akipiga namba ya Iddi, na kila Jumapili mashine ilimwambia kwa Kifaransa kwamba namba hiyo haipo. Mwenye duka aliacha kumtoza. Saluni waliacha kumwita Papa Njiwa, kwanza kwa huruma, kisha kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limeanza kuuma mdomoni. Alikaa kwenye kiti kilekile cha plastiki. Alipewa chai, ikapoa.

Watu walileta habari, kama watu wanavyofanya. Mmoja alisikia mtaa wao ulikimbilia kusini, kuelekea Uvira. Mwingine alisikia walikwenda msituni. Mwaka ulipopita, wazee wa kanisa walimjia wakamshauri kwa upole kwamba pengine ingefaa wakae matanga, viti vipangwe, picha iwekwe mezani, watu walie wamalize.

"Nilie nani?" aliwauliza. "Nipeni jina moja, mbili, ao tatu. Nitalia yule mutasema."

Walimwombea wakaondoka.

Ilikuwa Novemba 1999 Dafrosa alipoingia saluni. Dafrosa ni Mtanzania wa Kasulu, ameolewa Brussels, na kaka yake alikuwa dereva kwenye kambi ya wakimbizi kule kwao. Hakukaa. Alimpa Josias karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa kaka yake: Mauwa wa Bukavu, na Michelle wake, wapo kambini, Mauwa atakuwa kwenye simu ya ofisi mjini, namba hii, Jumamosi saa nne asubuhi ya Ubelgiji.

Claudine alipiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye maduka ya jirani. Wakamkumbatia, wakaimba. Josias alikuwa anasoma karatasi tena na tena, na Dafrosa, aliyeshaisoma njiani, alikuwa anatazama chini.

"Shemeji," alisema polepole, "kaka aliandika alichoambiwa. Huenda hakuambiwa yote."

Majina yalikuwa mawili.

Jumamosi Claudine alifunga saluni, siku ya wateja wengi kuliko zote, akamsindikiza hadi dukani, akasimama nje ya kibanda, uso umegusa kioo. Josias alipiga. Simu ililia mara moja tu.

"Papa Michelle?"

Sauti ilikuwa ileile, lakini kama imekaushwa. Alilia kwanza, yeye, Josias, na Mauwa alimngoja amalize. Kisha Josias akauliza lile aliloliogopa.

"Élisée?"

"Élisée alibakia Kamanyola."

"Alibakia na nani?"

"Alibakia, Papa Michelle. Tulitembea siku tatu, alianza kuhara, siku mbili akaisha. Tulimuzika pembeni ya mashamba ya mupunga. Kulikuwa na papa moja mwenye jembe, alitusaidia. Sikumujua jina."

Josias aliegemeza paji la uso kwenye ukuta wa kibanda. Claudine, kule nje, aliona mgongo wake ukishuka.

"Miye niko na swali," Mauwa aliendelea. "Niko nayo tangu ile siku. Njia yote nilikuwa nayo. Saa sita, ile dimanche, ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema simu za Ufaransa ziliharibika, au lori lilipata ajali, na hakuna mtu Kasulu ambaye angekuja kumwuliza Otieno.

"Nilikuwa nafungua njiwa."

Kule upande wa pili mtu alikuwa anapiga taipu. Herufi zilisikika moja moja.

"Njiwa," alisema Mauwa.

"Wingu lilikuja. Niliogopa zitapotea. Nilingoja lipite."

"Lilipita?"

"Lilipita."

"Zilifika?"

"Mauwa..."

"Nakuuliza, zilifika?"

"Karibu zote."

Kisha Mauwa aliongea kama mtu anayefunga mzigo, anavuta kamba, anaijaribu kama imekaza.

"Bon. Michelle iko muzima, anasoma hapa kambini. Ile mambo ya makaratasi ya Ulaya, usianze tena. Usituandikie mahali. Siku nikiona njia, nitapita na mutoto wangu, sitauliza mutu. Umesikia, Papa Michelle?"

"Nimesikia."

"Asante kwa kupiga," alisema, na akaweka simu chini taratibu, bila kishindo.

Josias alibaki ameshika mkono wa simu sikioni. Claudine alishindwa kuvumilia, akasukuma mlango wa kibanda, akaingiza kichwa.

"Anasemaje? Papa Josias, anasemaje?"

Josias aligeuka, akamtazama kana kwamba anamtafutia jina lake.

"Anauliza habari za kazi," alisema.